Ulimi wa Kuazima

Mastura Konga haendi futari ya watu. Mwalike kwa heshima zote, mtumie hata mtoto amvute kanga, atakuambia ahsante, Mungu akulipe, na magharibi ikifika utamkuta palepale kwake Gumbo, ng'ambo ya mto, amekaa kwenye kibao na tende zake na birika la maji. Wapo wanaosema ana kiburi. Kiburi gani cha mwanamke anayeuza chapati kando ya barabara ya Nimule? Ana kinyaa, si kiburi, na kinyaa chenyewe nitakieleza kilikoanzia, maana nimechoka kusikia watu wakimsema ovyo.

Yeye ni mtoto wa Malakia, mtaa wa Juba. Vita vilimtoa pale akiwa bado analala ubavuni mwa bibi yake, wakaangukia Bombo, Uganda, kwa Wanubi. Kiswahili alikipata huko, na mapishi, na saumu. Bibi hakumfundisha saumu kwa kumtisha na moto. "Tumbo ni jepesi kulifunga," alikuwa akimwambia, "hata punda hushinda na njaa. Funga mdomo. Ukimsema mtu vibaya leo, jioni usiniletee sahani yako." Na hakuwa akitania. Kuna siku Mastura alimcheka binti wa jirani mwenye makengeza, na magharibi ilipofika wenzake wakapakuliwa uji na sambusa, yeye akapewa maji. Alilala na maji hayo tumboni, na somo likamkaa. Mpaka leo Ramadhani ikiingia Mastura huwa mpole kiasi cha kukera.

Miaka ile baada ya mkataba wa amani, watu wakirudi Juba kwa malori na magodoro yao juu, naye akarudi. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa Bombo. Nyumba yao ya Malakia aliikuta ina wenyewe wengine, akapanga chumba, akatafuta kazi ya jikoni, akaipata kwa Haji Swaka.

Haji Swaka alikuwa na mkahawa karibu na soko la Malakia. Walikula pale madereva wa malori, Waganda wa sokoni, na Wakenya wa mashirika waliochoka na chakula cha hotelini. Alikuwa mtu mnene, kanzu yake nyeupe hata wakati wa mvua, wakati Juba nzima iko kwenye tope. Ramadhani ikiandama alitundika pazia la kijani mlangoni. Wasiofunga walipita nyuma ya pazia wakala mchana wao kwa amani, na wenye saumu barabarani hawakuona mtu akitafuna. Ni desturi ya heshima ile, na Mastura hakuwa na neno nayo. Jioni ilikuwa zamu ya wafungaji. Mikeka ilitandikwa nje, masinia yakatoka, na mpita njia yeyote alishikwa mkono akaketishwa, ajuane na Haji asijuane naye. Watu walimsifu Haji kwa jambo hilo mpaka misikiti ya mbali.

Jikoni alikuwapo mwanamke mwingine, Annet, Mganda wa Masaka, mwosha vyombo na mmenya viazi. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mcheshi, mnene wa mikono, na mdomo wake haukupumzika. Annet ndiye aliyekuwa ulimi wa Mastura. Nieleze hapo. Mpishi mwenye saumu anaruhusiwa kugusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi ajue chumvi, kisha akatema. Shehe yeyote atakuambia hivyo. Lakini Mastura hakuitaka ruhusa hiyo. Alijijua anavyopenda kupika, alijua ulimi ukishagusa utataka tena. Basi Ramadhani nzima alikuwa akipika kwa macho na pua, na mwiko ukiwa tayari anampa Annet.

Annet alikuwa akiupokea, anageukia ukutani asionekane akitafuna mbele ya mwenye njaa, kisha anatoa hukumu. "Chumvi iko kidogo, Hajati. Na hii nyama bado inakataa meno." Alimwita Hajati kwa utani tu, kwani Mastura hajafika Makka wala hajakaribia. Naye Mastura angeongeza chumvi, wangesubiri, Annet angeonja tena. Hakuna aliyewapangia utaratibu huo. Uliwajia wenyewe, na shorba ya jikoni mle, supu yao ya nyama, ikawa inatajwa Malakia yote.

Sasa nije kwa Haji, ingawa kumtaja tu kunanipa taabu. Haji Swaka alikuwa mtema mate. Wapo watu wanaoamini ukimeza mate saumu imeharibika, na bibi yake Mastura alikuwa akiwaita wachafu, basi. Lakini Haji alitema kwa maonyesho. Alitembea na msuaki mdomoni tangu asubuhi, na kila akikutana na mtu alisimama, akakohoa, akatema, ili mtu ajue hapa kuna saumu. Alitema kizingitini. Alitema kando ya zeri, ule mtungi wa maji ya kunywa. Alitema pale pale mikeka itakapotandikwa jioni, na Annet ndiye aliyepita nyuma yake na majivu na fagio. Midomo yake ilikuwa imekauka, ina weupe wa magamba, na watu wakiiona walisema, masikini, Haji saumu inamkamata.

Juba tuna neno fatur. Siku za kawaida ni kile chakula cha katikati ya asubuhi, ful ya maharage na mkate, watu wanaacha kazi wanakizunguka. Ramadhani neno hilohilo linahama, linakwenda kukaa jua linapozama. Kwa Haji Swaka neno halikuhama. Alikuwa na fatur zote mbili, na katikati akaweka na nyingine.

Mastura alimkuta stoo. Alikuwa amekwenda kuchota unga, amevua ndala kwa sababu ya tope, hakusikika. Haji alikuwa amechuchumaa kati ya magunia, bakuli la maini mapajani, anakula kwa mikono miwili. Kanzu alikuwa ameikusanya kiunoni isichafuke. Mafuta yalimteremka mpaka kwenye kiwiko naye akayafuata kwa ulimi. Alipomaliza alijifuta kwa pindo la gunia tupu, kisha, na hapa ndipo Mastura huwa ananyamaza akisimulia, alichovya kidole gumba kwenye unga wa ngano, akajipaka midomoni taratibu, akapuliza uliozidi. Akachukua msuaki wake juu ya gunia. Akatoka kwa mlango wa nyuma, na Mastura akamsikia huko nje akikohoa na kutema.

Ule weupe wa saumu ulikuwa unga. Matapishi yalimpanda Mastura, akayazuia kwa nguvu zake zote, maana kujitapisha kunabatilisha saumu, na hakutaka saumu yake iingiwe na shaka kwa ajili ya mtu yule. Aliokota bakuli lenye mafuta, akaliosha yeye mwenyewe, akaliosha tena, na bado alihisi mikono inanuka. Lakini hakusema kitu. Alifundishwa kwamba dhambi ya mtu kati yake na Mungu wake si habari ya sokoni. Mwislamu humsitiri mwenzake. Angekuwa mgonjwa je? Alijiambia hivyo ingawa moyo ulimkatalia, kwa sababu mgonjwa ana ruhusa ya dini. Mgonjwa huketi mezani akala bila kuonewa, hajifichi kati ya magunia akajipaka unga. Hata hivyo alifunga mdomo, kama alivyofundishwa.

Shida ni kwamba tumbo la Haji halikujua kiasi. Jioni moja masinia yalitoka na mchuzi mwingi na nyama ya kutafuta kwa tochi. Faki Murjani, mwalimu wa dini aliyekuwa akiketi sinia la mbele kila siku, alizungusha kidole kwenye bakuli akasema kwa upole, "Haji, mbuzi wa leo alikuwa mdogo."

Watu wakacheka. Haji hakucheka. Aligeuka akaangalia mlangoni, alikosimama Annet na mtungi wa karkade, ile sharubati nyekundu, na shavu la Annet lilikuwa linatembea, kwa sababu alikuwa anatafuna kipande cha mkate.

"Huyo," Haji alisema. "Huyo mdomo wake haufungi tangu asubuhi. Kila nikiingia jikoni anatafuna. Kumbe nyama za wafungaji ndizo zinazokwenda. Watu wana njaa ya Mungu, yeye anaiba."

"Haji, mimi iko naonja tu," Annet alisema. "Hajati ananipatia mwiko. Muulize."

"Kuonja gani kunamaliza mbuzi?" Akawageukia watu wa mkekani. "Malesh, jamani, nisameheni. Hawa hawajui maana ya Ramadhani." Na akamfukuza pale pale, mbele ya watu wote, mtungi bado mkononi. Akamwambia aache na kitenge alichojifunga, maana ni cha jikoni.

Annet alimwangalia Mastura, aliyekuwa ametoka jikoni. Alikuwa akingoja neno moja. Na Mastura, mwenye mwiko mkononi, mwenye kujua, alisimama na mdomo wake uliofungwa. Annet akafungua kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kizingiti, pale pale Haji alipokuwa ametema asubuhi, akaondoka kuelekea darajani, kwake Gumbo. Mwanamke wa Masaka ataitwa mwizi Malakia nzima, na soko zima la Waganda litasikia kabla ya kesho kutwa. Nani tena angemwajiri jikoni?

Mastura hakulala vizuri. Asubuhi alimfuata Faki Murjani kibarazani pa msikiti, akaketi mbali kwa adabu.

"Faki, ukimwona Mwislamu mwenzako anakula mchana?"

"Msitiri, binti yangu. Jina lako mwenyewe ni Mastura, aliyesitiriwa. Na wewe sitiri, Mungu atakusitiri."

"Na kama kwa kumsitiri huyo, mwingine asiye na kosa anaitwa mwizi?"

Faki alipitisha mkono kwenye ndevu. Akawaza. "Huyo mwingine," aliuliza, "ni wetu?"

Mastura alimtazama zile ndevu. Kila jioni zilikuwa zikiingia kwenye shorba ya Haji, na yeye ndiye aliyeipika. Aliinuka akasema ahsante, na njiani alijiuliza bibi yake angempa Faki nini jioni ile, sahani au maji. Hakuhitaji kufikiri sana.

Siku hiyo alipika peke yake. Hapakuwa na ulimi. Aliweka chumvi kwenye shorba, akaenda kuswali adhuhuri, na aliporudi, kichwa kimejaa mambo, hakukumbuka kama ameweka au hakuweka. Alichota mchuzi kwenye mwiko, akageuka kuusogeza mkono pale alipozoea kusimama Annet, na mkono ukabaki hewani. Akaurudisha mchuzi chunguni. Akaweka chumvi, bismillahi, akafunika. Naapa hakukusudia. Mastura hawezi kuharibu chakula makusudi, ni afadhali umkate kidole.

Ilikuwa baada ya alasiri Haji alipopita jikoni na bakuli chini ya kanzu. Mastura hakumtazama. Alishaapa kutoitazama tena ile midomo.

Mikeka ikatandikwa. Watu wakaja, wakavua viatu, wakaketi. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati, la manjano, na kila mtu ana tende yake mkononi anangoja adhana. Haji alimshika mkono dereva mmoja Mganda, Eriya, aliyekuwa anapita na spana zake, akamketisha kwa nguvu karibu na Faki. Eriya hakuwa Mwislamu, lakini kukataa sinia la mtu ni utovu wa adabu, akaketi akanyamaza kama wenzake. Mastura akatoka na chungu cha shorba, akakitua katikati.

Haji alipokiona kile chungu uso ulimbadilika. Ulafi ulimsahaulisha alipo na saa iliyopo. "Wewe Mastura," alisema kwa sauti ya kuwasikilizisha watu, "umemwaga gunia zima la chumvi humo? Shorba haimezeki. Nimekuajiri uniulie wageni?"

Mastura alisimama palepale. Mkekani watu wakamgeukia Haji. Tende zao zilikuwa bado mikononi, nzima.

Eriya dereva ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa nia safi kabisa, kwa sababu alikuwa hajui na alitaka kujua. "Haji, samahani. Mimi nilisikia nyinyi hamuonji kitu mpaka jua iingie. Kumbe mnaonja?"

Haji alivuta hewa kwa pua juu ya chungu. "Nimeinusa," alisema.

"Chumvi iko na harufu?" Eriya akauliza, bado kwa nia safi.

"Nimeambiwa. Yule Mganda wa jikoni ameniambia."

"Annet ulimfukuza jana, Haji," Mastura alisema.

Alisema hivyo tu, na hakupandisha sauti. Haji alijipangusa uso kwa kiganja, na kiganja kikapita midomoni, kikaondoka na ule weupe wote. Midomo iliyobaki ilikuwa laini na inang'aa mafuta. Wote waliiona. Mwanamume mmoja alishusha macho kwenye tende yake akaigeuza geuza. Na Faki Murjani, ambaye pia aliona, alikohoa akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Huenda Haji ana maradhi. Mgonjwa ameruhusiwa."

"Ndiyo," Haji alisema haraka. "Tumbo. Nina vidonda vya tumbo. Sikutaka kuwasumbua watu."

Ungewaona walivyopumua. Pole Haji, Mungu akuponye, Haji wetu unajitaabisha kwa ajili yetu na kumbe unaumwa. Mmoja alimshika bega. Mwingine alimtajia dawa ya majani. Jambo likawa limekwisha hivyo, limefunikwa, na chungu kikasogezwa karibu.

Hapo ndipo Mastura alipofungua mdomo wake, na magharibi bado haijaingia. "Mgonjwa ameruhusiwa kula," alisema. "Mimi sina neno na hilo. Hakuruhusiwa kumwita Annet mwizi. Jana mlikuwa hapa hapa, wote mlisikia. Leo mmejua nani alikula nyama. Basi semeni kwamba Annet si mwizi. Neno moja tu. Faki, wewe anza."

Faki aliangalia mbinguni, upande wa mnara. Na kama bahati yao, adhana ikaanza. Allahu akbar, na mikono yote ikaenda midomoni kwa pamoja, na mashavu yote yakajaa. Walitafuna. Walikunywa karkade. Walichovya mkate kwenye shorba ile ile isiyomezeka, wakakunja nyuso kwa chumvi, wakaimeza. Eriya peke yake alikuwa hajala. Aliiweka tende yake ukingoni mwa sinia, akatafuta viatu vyake.

Mastura aliwaangalia wakila na kinyaa kikamjaa mpaka machozi. Si Haji tu. Haji alikuwa mlafi, na mlafi unamwelewa. Ni hawa, walioshinda na njaa ya kweli tangu alfajiri, midomo yao imekauka kikweli, na jioni njaa hiyo yote haikuwanunulia neno moja. Hakugusa tende ya Haji. Alikwenda kwenye birika la kutawadhia pembeni mwa ukuta, akafungua saumu kwa funda la maji ya vuguvugu, akaiweka aproni juu ya kizingiti, akaondoka.

Eriya alimpandisha lori mpaka ng'ambo ya daraja. Gumbo ilikuwa bado ina mwanga. Mastura alimkuta Annet nje ya chumba chake, anakoroga maharage kwenye jiko la mkaa, na kando yake mfuko umefungwa, wa safari ya Masaka. Mastura aliketi kwenye kibao bila kukaribishwa, akamsimulia yote, chumvi, Eriya, ile midomo. Annet alicheka kidogo pale pa harufu ya chumvi. Kisha akaacha kucheka.

"Na wewe ulisema mimi si mwizi?"

"Nilisema. Nilichelewa siku moja, lakini nilisema. Nisamehe."

"Na wao?"

Mastura alitazama moto.

"Hao watu wote, Hajati. Wao walisema nini?"

"Hawakusema kitu," Mastura alisema. "Walikuwa wanafuturu."

Annet alichota maharage kwa mwiko, akaanza kugeukia ukutani kama alivyozoea, akakumbuka, akarudi. Jua lilikuwa limeshazama. Akamkabidhi Mastura mwiko, aonje mwenyewe.